Maji ya puani yanapotoka na rangi ya mbao: Fundi, safisha hewa ya karakana yako

Ndugu msomaji, ukitawadha Magharibi pembeni ya fundi seremala aliyeshinda akipiga msasa, tazama maji anayopenga anapofika kwenye pua. Hutoka na rangi ya mbao aliyoifanyia kazi siku hiyo. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kupandisha maji vizuri puani, isipokuwa kwa aliyefunga, na fundi huyu anaiona faida ya sunna hiyo kwa macho yake mara tano kwa siku.

Lakini tusijidanganye. Yale maji yanaonyesha vumbi lililonaswa puani tu. Vumbi jembamba zaidi halikunaswa. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 (unywele wa mtu ni kama mikroni 70) huelea hewani kwa muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na zile nyembamba kabisa hushuka hadi ndani ya mapafu. Huko hakuna udhu unaofika.

Si kikohozi tu

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC), lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Saratani inayohusishwa nalo zaidi ni ile ya ndani ya pua. Mbao zetu tunazozisifu, kama mninga, mvule na mpingo, zina vumbi linaloweza kuwasha ngozi na macho, na kwa baadhi ya watu kuleta pumu. Mbao za MDF zina gundi yenye kemikali ya fomaldehaidi, ambayo nayo iko katika kundi hilo hilo la IARC.

Na balaa hili halimwishii fundi. Karakana nyingi za mitaani, Keko na kwingineko, ziko ubavuni mwa nyumba za watu. Baba anarudi na vumbi kwenye shati, mtoto anamkimbilia na kumkumbatia. Mama analikung'uta shati hilo kabla ya kulifua. Katika Surat al-Baqara, aya ya 195, Mwenyezi Mungu ametukataza kujitia katika maangamizi kwa mikono yetu wenyewe. Kutafuta riziki ya halali ni ibada, lakini riziki hiyo isiwe sababu ya mtoto kukoroma kifua usiku kucha.

Blowa ya kiyoyozi kibovu

Mashine za kusafisha hewa za dukani ni ghali. Hata hivyo, fundi anayejua kuunda kabati anaweza kuunda mashine yake. Kinachohitajika ni blowa, yaani feni ya pipa iliyomo ndani ya viyoyozi vya kusimama na vya darini. Mafundi wa viyoyozi huwa na mabovu yaliyokufa kompresa lakini blowa bado nzima. Mwache fundi huyo aitoe mwenyewe, kwa sababu mabomba yanaweza kuwa bado na gesi, na kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya waya kuchomolewa.

Kwanza piga hesabu. Karakana ya mita 5 kwa 4, yenye kimo cha mita 3, ina hewa mita za ujazo 60. Ukitaka hewa yote ipite kwenye chujio angalau mara 6 kwa saa, unahitaji mita za ujazo 360 kwa saa. Blowa nzima ya kiyoyozi cha BTU 18,000 au 24,000 kwa kawaida huimudu kazi hiyo.

Tengeneza sanduku la plaiwudi lenye urefu wa sentimita 90, na upana na kimo cha sentimita 60 hivi. Mbele liache wazi na uweke reli mbili za kuchomekea machujio. La kwanza liwe la sponji, la kukamata unga mkubwa. La pili liwe chujio la mikunjo la viyoyozi vya ofisini, daraja la F7 au MERV 13. Haya hupatikana kwa kipimo cha karibu sentimita 60 kwa 60. Blowa ikae nyuma ya machujio, ivute hewa iliyokwisha kuchujwa na kuitoa kwa tundu la nyuma. Ukiiweka mbele, vumbi litaiziba mota.

Ziba viungo vyote kwa silikoni. Kisha fagia, washa mashine, na upitishe kijiti cha udi kwenye viungo hivyo. Moshi ukivutwa ndani mahali pasipo na chujio, hapo panavuja. Paziba, kisha zima udi kabisa. Litundike sanduku juu, kiasi cha mita 2 kutoka chini, na tundu la kutolea hewa lisielekee kwenye rundo la unga.

Mambo ya kuchunga

Kazi ya umeme afanye fundi umeme: waya wa ethi ufungwe kwenye mwili wa mota, na fyuzi iwepo. Usiiwashe wakati wa kupuliza vanishi au kutumia thina, wala usiiweke karibu na cheche za kuchomelea, kwa maana mvuke huo na vumbi la mbao vyote hushika moto. Mota ya wati 100 ikifanya kazi saa 10 hula uniti moja ya LUKU. Iache izunguke nusu saa baada ya kazi.

Hewa ikipungua nguvu, chujio limejaa. Sponji huoshwa na kukaushwa. La mikunjo hubadilishwa, halioshwi. Litoe nje, mbali na watoto, ukiwa umevaa barakoa.

Mashine hii husaidia, haimalizi tatizo. Piga msasa nje inapowezekana, vaa barakoa ya N95 au FFP2 badala ya kitambaa, nyunyiza maji kabla ya kufagia, na badili nguo kabla ya kuingia nyumbani. Na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asiseme tu "ni vumbi". Aende kituo cha afya akapimwe kifua kikuu. Katika vituo vya serikali Tanzania kipimo hicho ni bure.

Ndugu fundi, baada ya wiki ya kutumia mashine yako, angalia tena maji ya udhu wa Magharibi. Ukiyaona yamepungua rangi, mshukuru Allah, kisha mfundishe jirani yako. Wabillahi tawfiq.