Mteja akiulizia gia boksi ya oto, usikimbilie kutaja bei

Mimi nauza spea used za magari hapa Ilala, na wateja wangu wengi ni wa mtandaoni. Meseji ninayopata sana ni hii: "Kaka, gia boksi ya IST shilingi ngapi?"

Ukitaja bei hapo hapo umeshaingia mtegoni. IST peke yake kuna NCP60 ya cc 1300, NCP61 ya cc 1500 na NCP65 ambayo ni fo wili. Ukipakia isiyo yake kwenye basi la Mwanza, nauli ya kwenda na kurudi ni juu yako, fundi anadai hela ya kufungua mara mbili, na jina lako linachafuka kwenye magrupu. Hapo faida ya mwezi imekwenda.

Mimi nafanya hivi:

1. Naomba picha ya kibati. Toyota za Japan zinacho ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Tafuta mstari wa TRANS/AXLE, hapo ndipo kodi ya gia boksi ilipo. Mfano U340E: ile 4 ni idadi ya gia za mbele, E maana yake inaongozwa na kompyuta. Ukiona A132L, hiyo ni ya gia tatu. Nissan soma mstari wa TRANS. RE4F03B ina gia nne na inavuta mbele. Ikianza na RE0F, hiyo ni CVT.

2. Naomba na picha ya gia boksi yenyewe. Gari ya zamani huenda ilishabadilishwa injini, kibati kikabaki kilekile. Soketi za waya zionekane vizuri.

3. Nauliza habari ya oili. Gari ikichelewa kushika gia, pengine oili imepungua tu. Toyota yenye stiki inapimwa ikiwa ya moto, injini inawaka, gia iko P. Kuna wateja niliowaambia waanze na hapo, gari zikapona, sikuuza kitu. Haohao ndio wananiletea ndugu zao leo.

4. Mzigo unatoka na karatasi ya fundi:
- Kabla ya kufunga, weka ya zamani na hii pamoja. Linganisha matundu ya bolti, soketi na sehemu za kuingilia ekseli. Nitumie picha.
- Toki konveta iingie mpaka mwisho kabla ya kukaza bolti. Ukilazimisha, pampu inavunjika.
- Safisha njia ya oili inayopita kwenye rejeta. Vyuma vya gia boksi iliyokufa vikibaki humo vinaiua na hii.
- Oili ya CVT usiweke kwenye oto ya kawaida, wala ya kawaida kwenye CVT.

5. Masharti nayaandika kabla sijapokea hela: siku ngapi za kujaribu, na nani analipa nauli ikirudi. Nayaacha kwenye chati ili kesho tusibishane.

Hata kama wewe unauza viatu au simu, somo ni lilelile: jua kwanza mteja anahitaji nini, bei ije baadaye.

Wewe unamuuliza mteja nini kabla ya kutuma mzigo? Tuandikie hapo chini tujifunze.