Unacheki Ngozi ya Ng'ombe, Yako Je?

Asubuhi pale silanga, ng'ombe wakishuka kunywa maji, msee wa Sangailu, huku Ijara, haongei mingi. Macho yake iko kwa ngozi. Akiona mmoja anajisugua kwa mti, ama manyoya imeng'oka shingoni, huyo anatolewa kando hapo hapo. Anatiwa dawa, na wale amelala nao boma moja wanatiwa pia. Hakuna mtu anasema ati tungoje tuone. Hata wakati homa ya Bonde la Ufa ilitupiga huku Garissa na Ijara 2006 kuingia 2007, wafugaji walikuwa na jina yake tayari. Waliiita sandik, juu ya damu kutoka puani mwa mnyama. Wazae wetu ni wasomi wa ishara.

Sasa warya, niambie. Huyo msee mwenye macho kali hivyo, akiamka na vipele katikati ya mapaja, ama kidonda mahali haitajwi mbele ya hooyo, mbona anakaza maawis na kunyamaza miezi mbili? Ng'ombe ni mali, sawa. Na wewe ni nini?

Hii risto ni ya maboyz wote wako na mtu wanalala naye, uwe umeoa ama hujaoa. Sijakuja kukuhukumu. Nimekuja kukuambia vile ngozi inaongea, na vile wakati mwingine inanyamaza.

Kujikuna usiku

Niko na beshte, jina libaki kwangu. Alianza kujikuna kila usiku hadi mbogi ikashindwa kulala. Mchana anatulia, giza ikiingia moto inawaka: katikati ya vidole, kwa kifundo cha mkono, kiunoni, hadi kwa nyeti. Akaamini ameokota ugonjwa ya aibu. Akajificha, akanunua krimu kwa duka, ile inauzwa kama inaponya kila kitu. Ikatulia siku tatu, ikarudi na hasira.

Alipofika kwa dakta hatimaye, kumbe ni upele. Huo unaletwa na kadudu kadogo kanachimba chini ya ngozi na kutaga mayai. Kako na ndugu yake mwenye anakula ngozi ya ngamia, ule ugonjwa tunaita cadho. Wa watu anapita ngozi kwa ngozi mkikaa karibu muda mrefu. Ngono inaweza kumpitisha, lakini hata kulala mkeka moja na buda yako, ama kuazimana maawis na blanketi, inatosha. Kwa hivyo usikimbilie kumshuku manzi. Mara ya kwanza unaweza kukaa wiki 2 hadi 6 kabla ujikune, na wakati huo wote unagawa.

Dawa iko na inafanya, kuna krimu ya permethrin na kuna benzyl benzoate. Lakini sheria ni ile ile ya boma: nyumba yote inapakwa usiku moja, hata mwenye hajikuni, kutoka shingo hadi nyayo. Nguo na shuka zinafuliwa na maji moto na kuanikwa juani. Zile haziwezi kufuliwa, zifunge kwa karatasi angalau siku 3. Beshte yangu alijipaka pekee yake mara mbili. Mara mbili ikamrudia.

Joto, jasho na choa

Huku jua halina huruma na maji ni ya kupimwa. Ukitembea na mifugo kutwa ama ukipiga nduthi kwa mchanga, mapaja yanasuguana, jasho inakaa. Hapo choa inapata keja. Inaanza kama mduara, ukingo mwekundu, katikati imetulia, halafu inapanuka kwa mapaja. Hiyo si ya wanawake wala uchafu wa moyo. Ni fangasi tu. Inataka krimu ya fangasi, na upake hadi ule muda umeambiwa uishe, hata kama ngozi imeanza kukaa fiti.

Noma ni zile krimu za mchanganyiko zenye zina steroidi. Zinatuliza mwasho haraka, lakini choa inaendelea kutambaa chini kwa chini, na siku utafika hosi, hata dakta atapata shida kuisoma.

Usafi wenyewe hautaki mtungi mzima. Hata kama maji ni kopo mbili, sabuni ya kawaida kwa mapaja na nyeti mara moja kwa siku inatosha. Kubwa ni kukauka kabla ya kuvaa. Usijipake jik wala sabuni ya kufulia nguo huko chini. Utachoma ngozi na kufungulia ugonjwa mlango. Boxer ziwe za pamba, ubadilishe. Na ile sunna ya kunyoa, ambayo hatuachi ipite siku 40, kila mtu na wembe wake mpya. Wembe ya kupokezana inabeba damu.

Chenye hakiumi ndicho ngori

Hapa nataka usikize vizuri. Kaswende inaanza na kidonda kimoja kigumu chenye hakiumi, mara nyingi kama wiki 3 baada ya kuipata. Unakiona, unasema kitapona. Na kweli kinapona bila dawa, wiki 3 hadi 6. Unashukuru Mungu, unasonga mbele. Kumbe ugonjwa umeingia ndani. Baadaye vipele vinatokea mwilini, hata kwa viganja na nyayo, na kawaida haviwashi. Navyo vinapotea. Miaka ikipita, inaweza kugusa moyo, macho na ubongo. Mamaa akiwa na mimba, mtoto anaweza kufia tumboni. Na hii yote, ikishikwa mapema, inatibiwa na penisilini. Mara nyingi ni sindano ya siku moja.

Vile vilengelenge vidogo vimejipanga pamoja, vinauma na kuchoma, vinapasuka kisha vinarudi baada ya miezi, hiyo huwa hepesi. Haiishi mwilini, lakini dawa za kuituliza ziko. Ukikojoa na kuchomeka, ama usaha unatoka, hiyo inaweza kuwa kisonono. Usinunue kapsuli mbili dukani. Kisonono imejifunza kushinda dawa nyingi juu ya hiyo tabia.

Halafu kuna mpox. Kenya ilitangaza kesi ya kwanza 31 Julai 2024, kwa msafiri alipatikana mpakani Taveta. Tarehe 14 Agosti Shirika la Afya Duniani likaitangaza dharura ya dunia. Inakuja na homa, mitoki kuvimba, na vipele vya maji ama usaha, na inapita kwa kugusana ngozi, pamoja na kulala na mtu. Ukiona hizo dalili, jitenge, funika vidonda, enda uonwe.

Kuwa msafi si kusema umepima

Kuna mambo mbili nasikia kila siku kwa base. Ya kwanza: "Mimi nimetahiriwa, niko sawa." Huku sote tumetahiriwa, na ni kweli inasaidia. Utafiti wa Kisumu, Rakai kule Uganda, na Afrika Kusini ulionyesha tohara inapunguza hatari ya mwanaume kupata virusi vya ukimwi kutoka kwa mwanamke kwa karibu asilimia 60. Lakini 60 si 100. Hiyo 40 imebaki hapo, inakungoja bila kondomu.

Ya pili: "Mimi ni msafi, naoga janaba, naswali." Alhamdulillah, endelea. Lakini maji haifiki kwa damu. Wasee wengi wenye klamidia hawana dalili hata moja. Virusi vya ukimwi vinaweza kukaa miaka bila kukugusa ngozi. Ngozi safi ni neema, si matokeo ya maabara.

Na usijifiche nyuma ya hesabu ati kaunti yetu iko chini. Utafiti wa kitaifa wa KENPHIA 2018 ulipata kati ya watu wazima wenye wanaishi na virusi, wanawake asilimia 82.7 walijua hali yao. Wanaume ni 72.6. Sisi ndio tunachelewa kujua.

Aibu ya mtaa mdogo

Najua shida yetu yenyewe. Sangailu kila mtu ni wa mtu. Nesi ni binamu yako, mwenye ameketi kwa foleni ni adeer yako. Unaogopa kabla ya magharibi moshene itakuwa imefika bomani.

Kwanza jua sheria iko upande wako. Ile ya ukimwi ya 2006 inakataza mtu kutoboa matokeo yako bila ruhusa. Inakataza pia kukulazimisha kupima ndio upate kazi ama uoe. Kupima kabla ya nikaha ni jambo nzuri sana, lakini iwe mmekubaliana.

Pili, pimia safarini. Ukienda Masalani, ama ukipanda gari ya Garissa kuuza mbuzi, pitia hosi ya serikali kabla ya kurudi. Kupima virusi hapo ni bure. Itisha na kaswende ipimwe siku hiyo hiyo. Vifaa vya kujipima mwenyewe vipo Kenya tangu 2017, hata vya mate, unajipimia kwa keja yako. Kikionyesha unavyo, enda hosi wathibitishe.

Kama uko na wapenzi zaidi ya moja, pima kila miezi 3 hadi 6. Kama uko na moja, angalau mara moja kwa mwaka, na mwende wawili. Kumbuka virusi vya juzi vinaweza kukosa kuonekana leo, kwa hivyo rudia baada ya miezi 3. Na kama jana usiku kondomu ilipasuka, usingoje hata kesho. Dawa za dharura za kuzuia virusi lazima zianze ndani ya saa 72, unameza siku 28.

Ukipatikana na kitu, kuna kazi moja imebaki, na ndio ngumu: kumwambia mwenye unalala naye. Usianze na lawama. Sema, "Nimepatikana na hii, inatibika, twende pamoja." Ukitibiwa pekee yako, utarudishiwa usiku huo huo, kama beshte yangu na upele wake.

Wewe unajua hii kazi kuliko mimi. Umeifanya bomani tangu ukiwa mdogo, fimbo begani. Huwezi kutia dawa ng'ombe moja na kumrudisha kwa kundi halijaguswa. Kesho kabla ya kushuka silanga, jiangalie kwanza.