Wingu la bure limebadilika wadau: kwa nini imeili yako inajaa na lini inaweza kufutwa

Swali ninaloulizwa sana siku hizi pale kafe ni moja tu: "Dogo, mbona watu wananiambia imeili wanazonitumia zinarudi?" Nikimwambia mtu afungue akaunti yake, tunakuta nafasi imejaa mpaka juu. Mwenyewe anabaki kushangaa, maana tangu amalize shule hajatuma hata imeili ishirini. Nimeona bora nilieleze hili suala kwa kirefu, kwa sababu mambo ya wingu yamebadilika sana miaka hii na wengi wetu bado tunaishi na sheria za zamani.

Kwanza tuelewane, wingu halipo angani. Ni kompyuta za watu wengine, zimepangwa kwenye majengo makubwa yenye umeme na viyoyozi usiku na mchana, na wewe unapewa kakona ka kuweka vitu vyako. Amazon walianza kukodisha nafasi za namna hiyo kwa yeyote mwenye hela mwaka 2006. Kwa Afrika hao wakubwa wameanzia kule kwa Madiba: Microsoft mwaka 2019, Amazon pale Cape Town mwaka 2020, na Google pale Johannesburg Januari 2024. Sisi tunavifikia vituo vya aina hiyo kwa nyaya zinazopita chini ya bahari. Mnakumbuka tarehe 12 Mei 2024 neti ilivyosuasua Bongo na Kenya? Nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu siku moja. Mafaili yako yalikuwa salama kabisa, ila barabara ya kuyafikia ndiyo ilikuwa imekatika.

Sasa tuje kwenye nafasi yenyewe. Gmail ilipotoka tarehe 1 Aprili 2004 walitangaza GB 1 ya bure, na watu wakadhani ni utani wa siku ya wajinga. Wakati huo Hotmail walikuwa wanatoa MB 2 tu! Baadaye ikaongezeka, na mwaka 2013 Google wakaunganisha kila kitu kikawa GB 15. Neno la kushika hapo ni "wakaunganisha". Hizo GB 15 si za imeili peke yake. Ni chungu kimoja wanachokula watatu: imeili zako, mafaili ya Google Drive na picha za Google Photos.

Zamani chungu hicho kilikuwa hakiishi haraka, kwa sababu mbili. Ya kwanza, Google Photos ilipoanza mwaka 2015, picha zilizopunguzwa ubora kidogo zilikuwa hazihesabiwi, unaweka hata elfu kumi. Ofa hiyo ilifungwa tarehe 1 Juni 2021. Picha zilizowekwa kabla ya hapo kwa ubora ule hazihesabiwi mpaka leo, ila kila picha ya baada ya hapo inakula nafasi. Ya pili ni bekapu ya WhatsApp. Kuanzia Novemba 2018, wenye simu za Android bekapu yao ilikuwa inakaa kwa Google bila kuhesabiwa. Hiyo nayo imekwisha. Walianza kuihesabu Desemba 2023 kwa wale wanaojaribu matoleo mapya, na mwaka 2024 ikafika kwa wengine wote.

Na hapa ndipo tunapoumia, wadau. Wewe hutumi imeili, sawa, lakini uko kwenye makundi mangapi ya WhatsApp? La ukoo, la mtaa, la waliosoma pamoja, la kamati ya harusi ya mtu usiyemjua vizuri. Chukulia kila siku zinaingia video kumi za MB 15 kila moja, na bekapu yako imewekwa ibebe na video. Hizo ni MB 150 kwa siku. Siku mia moja tu umemaliza GB 15, na hujafanya lolote zaidi ya kuchungulia makundi.

Ikishajaa, Gmail haitumi wala haipokei. Si kwamba imeili inasubiri mlangoni mpaka usafishe, hapana, aliyekutumia anarudishiwa. Sasa fikiria umezunguka na bahasha miezi sita, halafu siku wanayokuita kwenye usaili imeili inagonga mwamba kwa sababu ya video za kitchen party! Na ukikaa miaka miwili mfululizo umezidi kiwango bila kupunguza, Google wamejipa haki ya kufuta vitu vyako.

Dawa ipo na haina gharama. Ingia WhatsApp kwenye mipangilio, sehemu ya gumzo, kisha bekapu, uondoe alama kwenye video. Halafu fungua Gmail, kwenye kisanduku cha kutafuta andika larger:10M, zitakuja imeili zote zenye mizigo ya zaidi ya MB 10. Futa usizohitaji. Ila usiishie hapo, maana ulichofuta kinakwenda kwenye tupio na kinakaa humo siku 30 huku bado kinahesabiwa. Na Google Drive nayo ni hivyo hivyo tangu Oktoba 2020: tupio linajimwaga baada ya siku 30, kwa hiyo wale waliokuwa wanaligeuza stoo waache.

Jambo la pili ni akaunti iliyolala. Google walitangaza Mei 2023, na Desemba mwaka huo wakaanza: akaunti binafsi isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, pamoja na imeili, mafaili na picha zake. Wanatuma taarifa kabla, kwenye akaunti hiyo hiyo na kwenye imeili ya akiba kama uliiweka. Na jina likishafutwa halitumiki tena, hata wewe mwenyewe huwezi kulifungua upya. Nawasema hasa wale waliofungua imeili kwa ajili ya kuombea chuo, wakaskani vyeti vyote na kujitumia wenyewe, wakasahau. Ingia hata mara moja tu, soma imeili moja, saa yako inaanza upya.

Lakini kuingia nako kuna kazi siku hizi. Tangu 2021 Google wamekuwa wakiwawekea watu ulinzi wa hatua mbili, kwa hiyo paswedi peke yake haitoshi, inatakiwa na namba inayotumwa kwenye simu. Na laini yenyewe ulishaitupa zamani, pengine imeshapewa mtu mwingine. Hapa kuna kitu wengi hawakijui. Ndani ya akaunti, sehemu ya usalama, unaweza kuchukua namba za akiba: ziko kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Kwa sisi tunaotumia kompyuta za kafe hizi ni dhahabu. Usizichape ukaziacha kwenye mashine ya watu. Ziandike kwa kalamu, weka pamoja na cheti chako cha kuzaliwa.

Dropbox wao bure ni GB 2, na tangu Machi 2019 mwisho vifaa vitatu. Wenye iPhone bekapu yenu inakwenda iCloud, bure ni GB 5 tu, kwa hiyo msitucheke.

Mwenye swali aliweke hapo chini. Nikipata bando nitajibu.