Jina Linalotangulia Tendo: Mtazamaji na Filamu "Augure"

Filamu "Augure" ya mwaka 2023 inamgusa kwa karibu mtazamaji Mswahili wa Katanga, kuanzia Lubumbashi hadi Kasumbalesa mpakani. Mwongozaji wake, Baloji, alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Koffi, aliyetengwa na mamaye kwa ajili ya baka usoni, anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mjamzito. Damu inamtoka puani akiwa amempakata mtoto mchanga, na jamaa wanaiona kuwa laana.

Hapa sarufi yasaidia. Kutokana na kitenzi "jenga" hupatikana "mjenzi"; kutokana na "loga", "mlozi", neno lenye undugu na "baloji" ya lugha jirani za Kibantu, yaani walozi, jina lenyewe la mwongozaji. Lakini mjenzi huitwa hivyo kwa kuwa hujenga, ilhali Koffi hakumloga mtu: jina limetangulia tendo.

Mtazamaji aweza kulalamika kwamba picha za kindoto zinakifunika kisa, wala hatakosea sana. Hata hivyo, ubora wa filamu umo katika kuonyesha uzito wa jina hilo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 41, yakataza kumtuhumu mtoto uchawi. Filamu yaonyesha jinsi tuhuma hiyo inavyomfuata mtu hadi utu uzima.