Sungura wa Senegal na simu mbili

Katika hadithi zetu za pwani, Sungura hana nguvu za Simba wala kimo cha Ndovu. Silaha yake ni akili. Basi nilipopata habari kwamba Rais Léopold Sédar Senghor wa Senegal alimpachika mpinzani wake, Abdoulaye Wade, jina la Sungura, nilicheka peke yangu. Lakini kisa chake, msomaji, kina mafunzo kuliko kichekesho.

Bwana Wade alikuwa wakili na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dakar. Mwaka 1974, wakuu wa Afrika walipokutana Mogadishu, jirani zetu hapa, alimwendea Senghor akamwomba ruhusa ya kuunda chama. Alikubaliwa, na ndipo kikazaliwa chama cha PDS.

Njia ilikuwa ndefu. Aligombea urais mwaka 1978, akashindwa na Senghor. Akarudi 1983, 1988 na 1993, akashindwa na Abdou Diouf. Baada ya kura ya 1988 ghasia zilizuka Dakar, naye akatiwa ndani. Zaidi ya mara moja alikubali kuwa waziri katika serikali ya Diouf, kisha akatoka. Wapo waliomwona kigeugeu, lakini neno lake lilibaki lile lile: "Sopi", yaani mageuzi kwa Kiwolofu.

Nakumbuka Machi 2000 tulivyokaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, vikombe vya kahawa mkononi, redio ikisema. Wade, mzee wa miaka 73, alikuwa amepata zaidi ya asilimia 58 katika duru ya pili ya tarehe 19. Diouf alimpigia simu kumpongeza. Mzee mmoja aliweka kikombe chini akasema, "Subhanallah! Rais anashindwa, anapiga simu, anakwenda zake?" Sisi tulikuwa tumeuona upinzani wetu ukianguka 1992 na 1997. Habari ile ilitutia matumaini.

Baada ya ushindi Wade alikwenda Touba, mji mtukufu wa tarika ya Muridi, akaketi chini mbele ya Khalifa wake, Serigne Saliou Mbacké. Wengi waliupenda unyenyekevu huo. Wengine waliuliza: Je, ndugu wa tarika nyingine watajionaje?

Lakini cheo nacho kina ulevi wake. Mwaka 2010 alizindua Dakar sanamu ya shaba yenye urefu wa mita 49, ingawa maimamu walilalamika kwamba miili ile haikusitiriwa. Akadai pia asilimia 35 ya mapato yake, kwa kuwa wazo lilikuwa lake.

Kubwa zaidi lilikuwa la katiba. Katiba ya 2001, iliyopitishwa chini yake mwenyewe, iliweka mwisho wa vipindi viwili. Wade alikuwa amesema hatagombea tena. Alipoulizwa mwaka 2011 alijibu kwamba alisema, na sasa ameiondoa kauli yake. Vijana waliingia barabarani, na watu kadhaa wakapoteza maisha. Yule aliyepigania mageuzi miaka 26 sasa ndiye aliyeyazuia.

Tarehe 25 Machi 2012 wananchi walimchagua Macky Sall, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Wade mwenyewe. Jioni ile ile, kabla matokeo hayajatangazwa rasmi, Wade alichukua simu akampongeza.

Yule mzee wetu wa barazani alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Ningependa sana asikie simu hii ya pili. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, wahenga walinena. Kumng'oa mtawala ni kazi ya mpinzani hodari. Lakini nchi hupona pale mpinzani huyo, zamu yake ikifika, anapokubali naye kuondoka. Wade alichelewa, na kuchelewa kwake kuligharimu roho za watu. Hata hivyo simu ile aliipiga, na wako wengi barani mwetu ambao hawajaipiga hadi leo.