Duka la Zawadi kwa Vitu Vilivyotupwa: Faida Iwe ya Nani?

Ndugu wafanyakazi,

Mji wa Gisenyi, wilayani Rubavu, umekaa kando ya Ziwa Kivu, mpakani na Goma. Wageni huja kwa ajili ya ufuko na chemchemi za maji moto, na hapo huanzia njia ya Congo Nile, kilometa 227 hadi Rusizi. Mgeni akiondoka hutaka ukumbusho: kikapu cha agaseke, kahawa, au majani ya chai. Ndiyo maana tunazungumza juu ya kulitengeneza upya duka la zawadi kwa vitu vilivyokwisha kutumika. Vingi vya vitu hivyo hutoka tunakofanyia kazi sisi.

Msidhani ni mzaha. Mwaka 2018 huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa na kufunikwa kwa ndara zipatazo 30,000. Mwaka 2019 likasafiri hadi Unguja. Ikiwa takataka zimehimili bahari, zitashindwaje kubeba vikapu?

Gisenyi vifaa havikosekani. Liko jiwe jeusi la volkano. Ziko mbao za paleti zinazobebea mizigo viwandani. Mlima Nyiragongo ulipolipuka tarehe 22 Mei 2021, mitetemeko iliyofuata ilipasua nyumba nyingi Rubavu. Nyumba ya namna hiyo ikibomolewa, milango, fremu na mabati yake huwa bado yana uhai. Mbao zing'olewe misumari, zipigwe randa na msasa; hapo utapata rafu na kaunta. Mlango wa zamani ukilazwa huwa meza. Mfuko wa plastiki usahaulike, maana Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008. Zawadi zifungwe kwa karatasi au kitambaa.

Lakini afya haina spea. Tazameni muhuri wa paleti: HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, bali MB maana yake zilipigwa dawa ya sumu iitwayo methili bromaidi. Za MB ziachwe. Magunia na mapipa ya dawa za shamba yasiguswe kabisa. Paa kuukuu likiwa la asbesto, msilikate wala kulivunja. Vumbi lake huharibu mapafu, na ugonjwa huweza kujitokeza baada ya miaka mingi, mtu amekwisha kustaafu. Kazi hiyo ni ya waliofundishwa na wenye vifaa vya kujikinga. Mfanyakazi akiambiwa apande na nyundo mikono mitupu, ana haki ya kukataa.

Jambo la pili ni lango la kiwanda. Ubao uliolala uani miezi sita, ukinyeshewa na mvua, huitwa takataka. Siku mfanyakazi akiubeba begani, huitwa mali ya kampuni, na yeye huitwa mwizi. Neno la msimamizi kwamba "chukua tu" halimwokoi mtu mbele ya mlinzi. Ombeni kibali cha maandishi chenye tarehe, idadi ya vitu na sahihi. Kreti na chupa za bia ziacheni, kwani hurudishwa kiwandani.

Jambo la tatu ni ujira. Mwenye duka atasema vifaa ni vya bure, kwa hiyo gharama ni ndogo. Sawa, ubao ni wa bure; mkono ulioung'oa misumari si wa bure. Kuchambua, kusafisha na kuranda vitu vikuukuu huchukua saa nyingi kuliko kununua mbao mpya. Saa hizo zihesabiwe na kulipwa, na mapatano yaandikwe kabla nyundo haijainuliwa.

Ndugu, mgeni atalisifu duka kwa uzuri wake. Sisi tuulize kwanza: aliyelijenga amelipwa, na anapumua vizuri?

Umoja ni nguvu.