Hati za Majumba ya Uhindini

Soko la majengo ya katikati ya Dar es Salaam halielezeki kwa pango na bei za leo pekee, kwa kuwa sehemu kubwa ya majumba ya Uhindini, eneo la Wahindi lililo hapo katikati, ilijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, na habari za umiliki wake zimo katika daftari la ardhi, yaani kumbukumbu rasmi ya serikali inayoonyesha nani anamiliki kiwanja, kwa muda gani, na kama kimewekwa rehani. Waingereza walilirithi daftari hilo kutoka kwa Wajerumani, na mali za Wajerumani zilipouzwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza kama mali ya adui, Wahindi walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa.

Mtaji ulielekea kwenye majumba kwa hesabu rahisi: duka la chini lilileta faida, ghorofa za juu zilileta pango, na hati ya jengo zima ilifaa kuwa dhamana ya mkopo mwingine. Waismailia, jumuiya ya Kiislamu miongoni mwa Wahindi hao, walikopeshwa pia na Diamond Jubilee Investment Trust, taasisi iliyoanzishwa miaka ya 1940 na ambayo baadaye iligeuka kuwa benki ya Diamond Trust. Hadi leo baadhi ya kuta za mbele zina jina la jengo na mwaka wa ujenzi.

Msingi wa kisheria, hata hivyo, ulikuwa ukibadilika chini ya majumba hayo. Mwaka 1963 umiliki wa ardhi usio na ukomo ulifutwa na kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na sheria ya 1969 ikaugeuza upangaji huo kuwa haki ya kutumia ardhi ya umma kwa masharti, hivi kwamba mwenye nyumba, kwa kweli, alibaki na matofali tu.

Aprili 1971 matofali nayo yakafuata. Sheria ya kutwaa majengo iligusa jengo la kupangisha lenye thamani inayozidi shilingi 100,000, na majengo takriban 2,900, karibu yote ya Waasia, yakahamia kwa Msajili wa Majumba, chombo cha serikali. Fidia ilipungua kadiri jengo lilivyozeeka, na lililozidi miaka 10 halikulipiwa chochote; aliyewekeza mapema, wakati nchi ikihitaji majengo, ndiye aliyeumia zaidi.

Mwaka 1990 majumba hayo yaliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa mwaka 1962. Pango liliwekwa chini ya bei ya soko kwa miaka mingi, na pengo hilo likazaa biashara ya kilemba, ambayo ni malipo ya kuachiana nafasi ya upangaji, yasiyoonekana katika daftari lolote. Baadaye Shirika liliingia ubia na waendelezaji binafsi, nyumba za zamani zikapisha minara, na tangu sheria ya 2008 fleti moja yaweza kuwa na hati yake.